Ukungu wa Mawejuu

Mtambo ulioitwa Mfagiaukungu uliunguruma mara moja tu, na mlima mzima ukafunuka. Pangaboi lake, pana kama uwanja wa mpira, liliendeshwa na joto la volkano yenyewe, likaupuliza ukungu wote hadi baharini kupitia korongo la magharibi. Wageni waliojazana ukingoni mwa shimo la volkano wakashangilia. Chini yao ziwa la kijani lilitokota taratibu. Ng'ambo ukaonekana msikiti wa mawe meusi na mashamba ya milangilangi yenye maua ya kunukia. Wakapiga picha, wakapanda vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya, wakateremka pwani ili kundi jingine lipate nafasi.

Sitina, mhandisi aliyeubuni mtambo huo, hakushangilia. Aliubuni kwa ajili ya mama yake, Bi Moina, mwenye nyumba ya wageni pale Mawejuu. Zamani watu walipanda, wakakuta ukungu, wakalala kwake kuungoja ufunguke. Walikula, wakapiga soga, na mmoja alinogewa mpaka akamwoa mwenye nyumba. Huyo ndiye marehemu baba yake Sitina. Sitina alidhani shimo la volkano likionekana kila siku, wageni watazidi. Kweli wakazidi. Ila hakuna aliyelala.

"Kesho nafunga, mwanangu," Bi Moina alimwambia asubuhi ile. "Nahamia pwani kwa mjomba wako. Nyumba yote hii nalala peke yangu kama mchawi!"

Alicheka, lakini Sitina alimjua mama yake. 

Ndiyo maana alasiri, kundi la mwisho likiwa bado linashangaa ziwa, aliugeuza mtambo. Ukungu ukashuka korongo la mashariki, ukazifunika nyaya za vigari. Vigari, vyenye akili mnemba isiyojua kubahatisha, vikagoma.

"Hitilafu ndogo," Sitina akatangaza, uso mkavu. "Nyumba ya wageni iko hapo chini."

Bi Moina alipoona umati mlangoni alipigwa na butwaa, kisha akafunga kibwebwe. Kisamvu cha nazi kikaiva, ndizi zikachomwa. Lakini wageni walinuna. Mmoja wao, mzee aliyeitwa Mbae, alitazama saa kila tonge.

"Binti yangu kajifungua leo," akasema. "Mjukuu wangu wa kwanza. Nilimwahidi jua likizama nitakuwepo."

Bi Moina akaweka upawa chini, akachungulia dirishani. Magharibi kweupe, mashariki kumefunga. Tangu azaliwe hakuwahi kuona ukungu wa kuchagua upande. Akamvuta bintiye jikoni.

"Ni wewe?"

"Nisamehe, mama. Sikutaka uondoke."

"Kafungue njia. Sasa hivi! Ukungu wa Mungu ukiniletea mtu, nampokea. Huu ni wako."

Sitina akaenda, machozi yakimlengalenga. Muda si mrefu nyaya zikaonekana. Mzee Mbae alikuwa wa kwanza kupanda, bakuli la kisamvu la kumpelekea mzazi likiwa mapajani. Wengi wakamfuata.

Sitina aliporudi alikuta viatu vya watu watatu mlangoni. Ndani, bibi mmoja wa makamo alikuwa amekabana na Bi Moina kwenye bao, wenzake wawili wakishabikia.

"Njia iko wazi," Sitina akawaambia. "Vigari vinaondoka."

"Tumeona," bibi akajibu bila kuinua macho. "Mama yako ananiibia kete. Sitoki hapa mpaka nimfunge."

Bi Moina akamgeukia binti yake, uso umemkunjuka.

"Sasa wewe umesimama nini? Katandike vitanda!"