Mafuta Kwenye Paji la Pandelis

Wifi yangu Stamatia hamruhusu mtu kutoka nyumbani bila kumpaka mafuta. Una mtihani, mafuta. Unasafiri, mafuta. Ni mafuta ya zeituni yaliyokaa mbele ya picha ya mtakatifu. Huyachovya kwa pamba, akakuchora msalaba kwenye paji la uso. Hapa mjini kwetu Volos nani hajapakwa?

Kaka yangu Pandelis, mumewe, alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa ukianza kukimbia ghafla, naye anaanguka. Mara ya mwisho aliangukia jikoni, dengu zikamwagika zote. Madaktari wakasema watapitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Huko watatafuta mahali penye kasoro na kupaunguza.

Siku yenyewe, muuguzi Evanthia alimbandika vibandiko viwili kwenye paji la uso. Kimoja kikadondoka. Akakirudisha, kikadondoka tena. Kwenye skrini namba ilipanda, ikashuka, ikapotea.

"Wifi," Stamatia alininong'oneza, "moyo si uko kifuani? Kichwani wanatafuta nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mshonaji."

Evanthia akauliza, "Bwana Pandelis, umepaka kitu usoni?"

Pandelis alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dirisha.

"Hajapaka kitu," Stamatia akajibu.

"Namba isipotulia, hatuanzi."

"Sema, Stamatia!" nikafoka.

Machozi yakamtoka. "Ni mafuta ya mtakatifu. Ukiyafuta umemwondolea baraka. Akinifia humo ndani je?"

Evanthia hakucheka. Alikaa kitandani. "Mama, hata mimi mama yangu hunipaka. Sikiliza. Ili kuiona kasoro, wakati mwingine daktari huufanya moyo ukimbie makusudi."

"Makusudi! Si ndio ugonjwa wenyewe huo?"

"Ndio, tunaukamata ukiwa kazini. Lakini moyo ukikimbia sana hausukumi damu vizuri. Ubongo unaweza kukosa oksijeni. Mtu aliye macho angesema anasikia kizunguzungu. Huyu atakuwa amelala. Vibandiko ndivyo vitakavyomsemea. Vinapitisha mwanga kwenye ngozi, vinatuonyesha oksijeni ya ubongo. Tunaandika namba yake kabla hajalala. Ikishuka sana kutoka hapo, daktari anasimamisha zile mbio."

"Na hicho cha kidoleni?" nikauliza.

"Hiki kinategemea mapigo ya kidoleni. Ya kichwani hakiyajui."

Nilielewa nusu. Stamatia nadhani robo.

"Basi nimpake wapi? Kifuani?"

"Kuna vibandiko vingine."

"Mkononi?"

"Kuna sindano."

"Pajani?"

"Ndipo tunapopitia, mama." Evanthia alifikiri kidogo. "Magoti. Magoti yako huru."

Stamatia alilifuta paji kwa mkono wake mwenyewe, huku akilia. Evanthia akalisafisha tena na kulikausha. Vibandiko vikashika. Namba ikatulia kwenye sitini na nane. Kisha wifi yangu akayapaka magoti yote mawili, hakubakiza pembe.

Tulingoja kwa muda wa saa tatu. Daktari akatoka. "Namba ilishuka hadi arobaini na tisa. Tukasimamisha mbio, ikarudi. Kasoro tumeiunguza."

"Arobaini na tisa ya nini?" Stamatia akaniuliza. Mimi nilikuwa nimeshika neno moja tu: ikarudi.

Pandelis alipofumbua macho, Stamatia alimwinamia. "Mimi nani?"

Alimtazama muda mrefu.

"Stamatia," alisema mwishowe, "kwa nini magoti yangu yananata?"

Wifi yangu alimbusu mbele ya watu wote.

Sasa Pandelis haanguki tena. Mwezi uliopita jirani yetu naye aliitwa hospitali kwa sababu ya moyo. Alipokuwa akitoka, Stamatia alimfuata hadi mlangoni na pamba yake. Yule jirani akainamisha kichwa, kama tulivyozoea sote.

"Inua kichwa," Stamatia akamwambia. "Paji la uso liache kavu. Pandisha suruali."