Pipa Ambalo Zélie Hakuliambia

Jumanne ile theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka juu ya paa la Zélie, mjane wa Anthelme, wakati shemeji yake Gaspard alipokuja kuonja divai nyeupe ya mwaka. Familia ilifanya hivyo kila Machi, kabla ya kuitia kwenye chupa.

"Miezi minne yote tangu mazishi hujashuka huku?" Gaspard aliuliza wakiwa ngazini.

"Nishuke kufanya nini? Kupiga soga na buibui?"

"Angalau wao wangekujibu. Yule paka wako ana kiburi."

Ghala la chini lilikuwa na mapipa matano. Mbao za pipa hunywa; usipoongeza divai kila wiki, inapungua, kisha inachacha. Gaspard aling'oa kizibo cha kwanza akitarajia harufu ya siki. Divai ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

La pili limejaa. La tatu limejaa.

Alivuta kidogo kwa mrija wa kioo, wakaonja. Ilikuwa jacquère, zabibu ya milima yao ambayo watu wa mjini hawakuijali: nyepesi, yenye ladha ya peasi bichi na jiwe lililolowa. Haikuwa na kasoro hata moja. Gaspard akaitema sakafuni, kama wafanyavyo waonjaji.

"Uliyaambia mapipa, shemeji?"

Zélie alitikisa kichwa. Mwenye ghala akifa, mtu wa nyumbani hugonga kila pipa mara tatu na kulipasha habari ya msiba. Siku ya mazishi Zélie alishuka, akainua mkono, akaushusha. Aliona kutamka ni kumzika mumewe mara ya pili, na nyumba ilikuwa tupu vya kutosha.

"Yaambie leo," Gaspard alinong'ona. "Maskini Anthelme, hajui kwamba amekufa. Bado anafanya kazi."

Akapanda juu.

Zélie aligonga pipa la kwanza. "Anthelme amekufa." La pili. La tatu. La nne. Kila alipotamka, baridi ilizidi.

Akafika la tano. Akainua ngumi.

Kizibo kikazunguka. Taratibu. Kama kinakazwa na mtu makini.

Hakugonga. Aliegemeza shavu kwenye mbao, akafumba macho. Nyuma yake kitu kilisogea karibu. Hakugeuka.

"Umemaliza?" Gaspard alimuuliza jikoni.

"Nimemaliza."

Akainama kuchochea moto. Mgongoni, juu ya gauni jeusi la msiba, palikuwa na alama ya kiganja kikubwa, cha machicha ya divai.

Zélie aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na hakumruhusu mtu kuligusa pipa la tano. Gauni lile bado limo sandukuni mwa familia. Kiganja hakijakauka.