Kona ya Magurudumu Matatu

"Rudisha mguu ndani!"

"Niache niendeshe, mwanamke!"

"Unaendesha nini? Umelalia upande kama unaanguka kitandani!"

"Kona ndivyo ilivyo. Kona inalaliwa!"

"Basi lala peke yako, mimi nishushe!"

Sikumshusha. Nikakata kona. Gurudumu moja la nyuma likanyanyuka. Mke wangu, aliyekuwa kwenye kiti cha abiria, akajirusha upande ule ule ulionyanyuka. Bajaji ikarudi chini, puu! Tukasimama katikati ya uwanja wa mafunzo, vumbi mpaka kwenye meno. Wanafunzi wenzetu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi ni dereva wa pikipiki. Kijiweni wananiita Upepo. Mke wangu ni fundi cherehani, alikuwa hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Aliyetupeleka darasa moja ni mama mkwe. Baba mkwe ameacha kuendesha, magoti yamekataa, na bajaji yake imekaa uani chini ya turubai. Mama mkwe akatuambia, "Ufunguo hautoki kwa mmoja. Fauluni wote wawili. Mmoja ashike asubuhi, mwingine jioni. Mmoja akifeli, nauza."

Na mama mkwe akisema anauza, anauza. Nilishamwona akiuza kiti mtu bado amekikalia.

Mwalimu wetu, mama mnene mwenye filimbi shingoni, akatufuata pale tuliposimama.

"Upepo, pikipiki ina magurudumu mangapi?"

"Mawili."

"Ndiyo maana inalala. Hii ina matatu. Hailali, inapinduka! Wewe unaingia kona na mwendo wa pikipiki, unasubiri chombo kilale. Hakilali ng'o! Kinanyanyua mguu kama mbwa kwenye nguzo."

Uwanja mzima ukacheka tena.

"Na wewe huo mguu unautoa nje wa nini? Gurudumu la nyuma likupitie kisiginoni? Breki iko wapi?"

Nikatazama chini. Breki ya bajaji inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wangu wa kulia ndio uliokuwa nje unapunga hewa.

"Umeona? Umeingia kona bila breki," mwalimu akasema. "Punguza mwendo kabla ya kona, chombo kikiwa bado kimenyooka. Ndipo ugeuze, taratibu. Miguu ndani. Na abiria akiwa mmoja, mkalishe katikati. Haya, rudia."

Nikarudia. Mguu ukatoka. Nikarudia tena. Ukatoka tena. Hauombi ruhusa, unatoka tu. Miaka yote kwenye pikipiki ndiyo kazi niliyoufundisha.

Zamu ya mke wangu ikafika. Akakaa, akajiweka sawa, akazunguka mapipa yote yaliyopangwa uwanjani bila kugusa hata moja. Mwanzo nilinuna, sidanganyi. Halafu nikaona watu wameacha kuongea, wanamtazama. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Huyo mke wangu huyo!" Hata asiyeuliza nilimwambia.

Tuliporudi nyumbani nikamvaa. "We mama, unafanyaje?"

Akanivuta mpaka kwenye cherehani. Akaweka kola chini ya sindano, akakanyaga.

"Tazama. Hapa pamenyooka, nakimbiza. Sasa kona ya kola inakuja. Nafanya nini?"

"Unapunguza."

"Kabla, au nikishafika kwenye kona?"

"Kabla."

"Na mguu wangu uko wapi?"

"Kwenye pedeli."

"Ukitoka, shati la mtu limeharibika. Haya, kaa ushone."

Mimi, Upepo, nishone? Nikakaa. Jirani akapita mlangoni, akachungulia.

"Shemeji, umeajiriwa?"

"Nimeajiriwa. Lete suruali!"

Kila jioni nilishona vitambaa vibovu, kona baada ya kona, mpaka mguu ukaelewa kwamba kazi yake ni kukaa.

Siku ya mtihani mke wangu alitangulia, akafaulu. Nikabaki mimi. Nyuma waliniwekea abiria watatu, wote wa kushiba. Kona ilipokaribia, mguu ukaanza kuwasha. Nikawaza turubai likifunuliwa mbele ya mnunuzi. Nikakanyaga breki, mwendo ukapungua, chombo kimenyooka. Ndipo nikageuza. Magurudumu yote matatu chini! Kona iliyofuata, hivyo hivyo. Mpaka mwisho.

Mwalimu akapuliza filimbi. "Upepo umetulia! Umefaulu!"

Mke wangu aliruka juu. "Mmemwona? Mmemwona? Nimemfundisha mimi!"

Nikaitikia, "Kweli kabisa, kanifundisha yeye!" Wala sikuona haya.

Leseni zilipotoka tukaenda nazo kwa mama mkwe. Akazigeuza mbele na nyuma, akalinganisha picha na sura zetu. Akamshika mwanawe mkono, akanishika mkono na mimi, akauweka ufunguo katikati ya viganja vyetu. Baba mkwe akavuta turubai mwenyewe.

Mke wangu akawasha. Mimi nikafuta kiti cha nyuma kwa shati langu.

"Mama, karibu. Abiria wa kwanza uwe wewe. Tukutembeze mtaa mzima."

Mama mkwe akajifunga khanga vizuri, akacheka.

"Nyie nendeni kazini, wanangu. Mimi nikipanda nitawapita majirani mbio mbio. Nitamwambia nani? Hii habari ni ya kwenda nayo kwa miguu, nyumba hadi nyumba."

Akageuka, akatoka uani kichwa juu, akaenda zake.