Ndugu Wapya wa Fundi Baiskeli

Mama Mikate alioka, mwanawe akasambaza madukani. Mwana huyo alikuwa pia fundi baiskeli. Baba yake alipofariki, kijana akawa mkimya. Mama alijitupa kwenye kazi. Hawakuzungumza.

Ndipo watu wa kundi jipya la dini walipomkaribisha kijana. Walimwita ndugu. Alipougua, walimpikia uji.

"Wale wananijali, Mama," alisema.

Baadaye walimwambia asiyekuwa wa kundi atampotosha. Akahamia kwao. Simu yake ikazimwa.

"Nabadilisha kufuli!" Mama Mikate alifoka. "Abaki huko huko!"

Jirani yake, afisa ustawi wa jamii, alimsikia. "Bila shaka wamemwambia utamtupa," alisema. "Ukimfungia mlango, watasema, si tulikuambia?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mtembelee. Usiitukane imani yake. Mwanao si mjinga, alikuwa mpweke. Kusali pamoja si kosa. Cha kuogopa ni kundi linalomkataza mtu kuuliza na kuwaona wazazi wake. Ukisikia vitisho au kipigo, tunakwenda polisi."

Mama Mikate alikwenda kwenye makao ya kundi. Mwanawe alitoka hadi getini, na mlinzi akasimama katikati yao. Mama alimeza hasira.

"Baiskeli yangu inakwaruza," alisema.

"Itakuwa mnyororo. Utie mafuta."

Basi, yakaishia hapo. Lakini alirudi tena, na tena. Mlinzi alimkodolea macho, yeye akamsalimu kwa adabu zote. Mama yule alikuwa na moyo!

Siku moja kijana alimuuliza kiongozi, "Kwa nini nisimamiwe nikiongea na mama yangu?"

"Anayeuliza ameshaasi," kiongozi alijibu.

Tangu hapo hakuna ndugu aliyeitikia salamu yake. Mezani walimpa mgongo. Mchana mmoja akatoka, asigeuke nyuma.

Alimkuta mama yake akikanda unga.

"Mama, nisamehe."

"Nawa mikono, mwanangu. Unga huu unanishinda."

Walikanda pamoja. Kwa mara ya kwanza walimzungumzia baba, wakalia. Jirani alimtafutia kijana mshauri wa kuongea naye. Karakana yake ya baiskeli ikafunguliwa tena, wateja wakarudi na utani wao.

"Kuna kitu cha kule unachokitamani?" mama aliuliza siku moja.

"Kuimba pamoja," kijana alijibu.

Mama hakukunja uso. Alikohoa kidogo, akaanza kuimba. Sauti yake ilikwaruza vibaya. Kijana alicheka, kisha akaitikia.

Upande wa pili wa ukuta, jirani alipunguza redio yake, akawasikiliza.