Aliyekunywa Chaji ya Baba

Mashine ya kupumulia ya baba ilikuwa imechomekwa ukutani tangu asubuhi, lakini chaji ilikuwa inashuka. Sabini. Sitini na nne. Hamsini. Binti yake mkubwa, fundi aliyeishi kwa kufufua simu za watu, aliona huo ni upuuzi mtupu. Saa tisa mchana umeme wa mtaa mzima ungekatwa mpaka usiku, na bila betri baba asingemaliza hata saa moja.

Akaiunganisha na kompyuta yake, akafungua mipangilio ya keneli, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha kila kitu. Chaguo la kusimamia chaji lilikuwa limezimwa. Pembeni yake fundi wa zamani alikuwa ameandika: Usiwashe. Ataamka.

"Umeona?" alinong'ona mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye watoto wanne. "Dada, tuiache."

"Tuiache, halafu baba apumue nini? Heshima?"

Akaliwasha kama kipande cha programu cha pembeni, kinachopachikwa bila kuzima mashine. Chaji ikaanza kupanda. Mara ikaingia harufu ya nywele zilizoungua, kipande kikang'oka chenyewe, na chaji ikaporomoka hadi ishirini. Akakipachika tena. Kikang'oka tena, na safari hii wakasikia pumzi ya pili ndani ya mashine, nzito, ikivuta kila baba alipovuta, kisha ikivuta kabla yake, kisha ikivuta peke yake huku kifua cha baba kimetulia na midomo yake inabadilika rangi, na yule mdogo wake amejibanza mlangoni akisoma kila dua aliyoikumbuka na nyingine za kubuni.

"Zima," sauti ikasema kwenye spika. "Hapa ni kwangu."

Hasira ya fundi ilizidi woga wake.

"Kwako? Hii ni ya baba yangu, we mwizi usiye na haya! Si unajua kung'oa? Haya, tuone."

Sasa hakupachika. Alilishona chaguo ndani ya keneli yenyewe, mahali pasipong'oleka kitu mpaka keneli iundwe upya. Ili ikubali, ilibidi mashine izimwe na kuwashwa. Aliizima, akamshika baba mkono, na dakika ile moja ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuishi.

Ilipowaka tu, umeme wa mtaa ukakatika. Chaji ilisoma kumi na mbili. Ikawa kumi na tatu. Kumi na tano. Waya haukuwa na umeme, lakini namba zilizidi kupanda, na mle ndani kitu kilikuwa kinalia.

"Umenishona humu," sauti ikasema, nyembamba sasa. "Nifungue."

"Tapika kwanza," fundi akajibu. "Yote uliyokunywa."

Baba akafumbua macho, akasogeza barakoa kidogo.

"Mwambie asubiri," akasema. "Mimi bado nipo."