Mtaa Waliosema Umekufa

Tone. Tone. Tone.

Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, maji yalidondoka kutoka kwenye gauni jekundu la mtoto na kugonga bati la dirisha la chini. Nibras aliyasikiliza huku akianika. Katika mji mkongwe wa Mosul maji ya bomba huja saa ambazo hata paka wamelala, naye hufua saa hizohizo, ili jua likichomoza likute roshani yake imevaa rangi zote.

Jua likachomoza. Harufu ya mkate wa tanuri ikapanda, mikokoteni ya matofali ikaanza kugombania njia, watoto wakapiga kelele za mpira. Tone moja likatua shingoni mwa mtu.

"Mvua hii ya nani?" mtu akauliza, akitazama juu.

"Ya mwanangu. Sogea, kama hutaki baraka."

Alicheka. Alikuwa kijana mrefu, fulana nzito ya wanahabari ikimpwaya mabegani. Jina lake Luay, na kazi yake ilikuwa kuwaongoza watangazaji wa kigeni mjini. Nyuma yake alisimama mpiga picha pamoja na mtangazaji wa kike aliyevaa kitani kilichonyooshwa vizuri mno kwa vumbi lile. Mtangazaji akamnong'oneza, na cheko la Luay likanywea.

"Samahani, Mama…"

"Mama Mays."

"Mama Mays, tuanulie nguo kidogo. Wanataka kuonyesha ukuta ulivyojengwa upya."

Moyo wa Nibras ukajaa. Ukuta ule ulianguka vitani, na mchanga wa kuujenga aliubeba mwenyewe. Akaanua nguo zote, mbichi vilevile, akiwa amevaa gauni lake la buluu lenye madoa meupe na mtandio wa rangi ya haradali. Luay alimtazama mpaka akasahau alichotumwa. Kisha akakumbuka, akawaomba muuza mkate, wabeba matofali na watoto wasubiri kwenye kona.

Kesho yake alirudi bila kamera, na furushi la vibanio vya nguo mkononi.

"Fidia," alisema.

"Fidia gani bila namba ya simu?" akajibu Nibras, kisha akajishangaa mwenyewe.

Basi simu zikaanza. Dirisha likiachwa wazi, pumzi ya mto Tigri ilipita juu ya zulia, na sauti ya Luay ikapita pamoja nayo.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni jirani."

"Mwambie huyo jirani sauti yake inanimaliza."

"Jirani anasema una maneno mengi, bwana wewe."

"Nina moja tu, roho yangu. Mengine nayatumia kulizungukia."

Mama Mays akawa anaimba akikanda unga. Mume wake alifariki vitani, na hakuwahi kudhani koo lake lingekumbuka nyimbo.

Ndipo Mama Sarmad wa nyumba ya pili akaingia bila kubisha, simu mkononi. "Mwenzangu, hebu tazama hii."

Ilikuwa video ya roshani ya Nibras. Tupu. Chini yake njia haina mtu, filimbi inalia kama msibani, na maandishi ya Kiarabu yanapita polepole: Mtaa uliokufa. Hakuna anayeishi hapa tena.

Hata hajamaliza kuyasoma, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Ghazwan wa mji wa Arbil, kaka wa marehemu mumewe.

"Shemeji, kumbe uliposema mtaa umefufuka ulikuwa unanidanganya! Nimeona kwa macho yangu. Jumamosi namfuata mtoto wa ndugu yangu. Hatakulia makaburini."

Nibras akampigia Luay.

"Nguo zangu zilikukosea nini?"

"Roho yangu…"

"Luay!"

"Walisema rangi zinaharibu picha. Nikaona haya kukwambia."

"Ukaona haya, ukanifuta. Mimi, na mwanangu, na mtaa mzima. Sasa Jumamosi ami yake anakuja kunichukulia mtoto."

Akakata. Simu ikatetemeka juu ya zulia tena na tena, mpaka ikachoka.

Jumamosi, siku ya mwisho ya mapumziko ya wiki, Ghazwan alichelewa. Alifika kwa miguu, koti begani, jasho likimtoka. Gari lake lilikwama nyuma ya msafara wa bibi harusi na ngoma zake. Akaketi, akanywa chai, macho yakimrudia kila mara mtoto aliyefanana na ndugu yake. Hata hivyo akasema, "Lete begi lake."

Mlangoni akasimama Luay, shati jeupe limepigwa pasi, nywele mbichi.

"Asalaam alaykum. Mimi ndiye niliyewaondoa watu mtaani humu. Muuza mkate nilimsogeza mimi. Nguo zilianuliwa kwa ombi langu. Ule ukiwa ulioona, kaka, tuliutengeneza sisi."

"Na wakubwa zako wakikusikia?"

"Nimewaambia wao kwanza. Jana wameniachisha kazi."

"Kwa hiyo umekuja kuomba radhi."

"Nimekuja kuomba radhi. Na ukiniruhusu, nimekuja kuomba mke."

"Hana hata aibu!" ikatoka sauti ya Mama Sarmad dirisha la pili. "Haya, mwacheni amalize!"

Nibras akaweka sinia chini. "Na siku nyingine ukiona haya kuniambia jambo?"

"Nitaona haya," akasema Luay, "na nitakwambia."

Nibras akammiminia chai, akamwekea sukari bila kuuliza, na masikio ya Luay yakawa mekundu.

Ghazwan aliwatazama wote wawili, kisha akainama kwa mtoto. Sauti yake ikalainika.

"Mays, mwanangu, kwangu kuna bustani. Twende?"

Mays alimeza mkate wake kwanza.

"Ami, kesho nina shule."