Ipime Jikoni, Usiipime Makaburini

Delphia Ison alikuwa na simu ndogo ya kukunja, na simu hiyo ilikuwa na mahali pake. Ilikaa kwenye dirisha la jikoni, juu ya sinki, kando ya nyanya zilizowekwa ziive. Hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza. Kutoka dirisha hilo unauona mnara wa ushirika wa simu wa wenyeji, pale mdomoni mwa bonde. Zamani hapo palikuwa pa kupakia makaa ya mawe, kabla kampuni ya mgodi haijachukua chake ikaondoka.

Figo za Delphia zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki mumewe, Hobert, alimpeleka mjini kusafishwa damu kwa mashine. Delphia alirudi amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Hata hivyo alimpikia mumewe maharage na mkate wa mahindi. Yeye mwenyewe alionja kijiko kimoja tu, maana daktari alimkataza maharage. Kisha aliitazama simu.

Jina lake lilikuwa kwenye foleni ya watu wanaosubiri kupandikizwa figo katika hospitali moja kubwa kule Lexington. Daktari alimweleza bila kuzunguka. Figo ikipatikana watampigia. Asipopokea watajaribu tena, lakini hawatangoja sana, kwa sababu figo haikai. Itapewa anayefuata.

Simu ya waya hawakuwa nayo. Waya uliangushwa na mafuriko, na kampuni iliyokusanya ada tangu enzi za babu zao haikurudi kuuinua. Watu wa Bonde la Ison hawakushangaa. Walishazoea kuona vitu vikitoka bondeni visirudi. Yalitoka makaa, ikatoka miti, wakatoka vijana.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Denver, mtoto wao wa pekee. Alifanya kazi Dayton, Ohio, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Kama wenzake wote walioondoka, alirudi kila mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi. Siku hiyo ukoo mzima hupanda mlimani na mafyekeo, maua ya plastiki na masufuria ya chakula. Watu wa milima hii huzika juu kabisa, mgongoni mwa mlima, ambako maji hayafiki. Walio hai ndio wanaokaa chini, kando ya kijito.

Mwaka ule Denver alipanda na kisanduku cheupe. Alimkabidhi mama yake mbele ya watu wote, kando ya kaburi la bibi yake.

Ndani mlikuwa na simu kubwa, ya daraja la juu kabisa, ile inayotangazwa kila mahali. Kioo chake kiling'aa kama maji ya kisima. Denver alisema hakuilipia hata senti. Kampuni yake ya simu ilimpa bure, mradi amwingize mama kwenye kifurushi cha familia. Sasa wote watakuwa chini ya paa moja, yeye, mkewe, watoto na mama.

Verlene Fugate alikuwa ameinama akichomeka maua kwenye kaburi la baba yake. Verlene alikuwa jirani yao. Aliwahi kuuza simu kwenye duka moja mjini, kisha akaacha. Aliinua kichwa.

"Denver, hiyo ni toleo la kampuni au la kiwandani?"

"Kuna tofauti gani? Simu si ileile?"

"Ni ileile, kama mbwa aliyefungwa na mbwa aliyefunguliwa ni mbwa yuleyule. Teremka nayo kwanza. Ipime jikoni kwa mama yako."

"Verlene, uliacha kuuza simu, sasa unauza hofu," Denver akamjibu, na watu wakacheka.

Hobert aliinua ile simu juu ya jiwe la kaburi la mama yake. Alama za mtandao zilijaa zote. Wakampigia binamu mmoja Dayton, na sauti yake ikaja safi kana kwamba amekaa hapo kwenye mkeka akila kuku. Watu wakapiga makofi. Delphia alitaka kusema kwamba ana simu yake na imemzoea. Lakini utamkataaje mwanao mbele ya ukoo, ameendesha gari kutwa nzima, na kila mtu anasema una bahati? Akashukuru. Palepale makaburini namba yake ikahamishwa kutoka ushirika kwenda kampuni kubwa.

Jioni Denver akarudi Ohio. Delphia akaiweka simu mpya dirishani, mahali pa ile ya zamani.

Juu ya kioo, simu ikiwa pale dirishani, palikuwa na alama ndogo ya msalaba, ile ya kukosa mtandao. Alidhani ni urembo. Mjini, siku za kusafishwa damu, simu ililia na kuleta picha za wajukuu, naye aliwaonyesha wauguzi. Nyumbani ilikaa kimya. Lakini nyumbani hata zamani ilikuwa kimya, nani wa kumpigia kila siku? Kwa hiyo hakujua.

Alhamisi ya pili ya Juni, mchana, walipanda na Hobert makaburini kuokota maua ya plastiki ili nyasi zikatwe. Delphia alikuwa na simu kwenye mfuko wa aproni. Walipofika juu, simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikaendelea, kama kitu kilichokuwa kimezibwa mdomo.

Alibonyeza kama Denver alivyomfundisha. Sauti ya mwanamke ikatoka. Ilikuwa ya asubuhi. Alisema ni hospitali ya Lexington, figo imepatikana na inamfaa, apige mara moja. Ujumbe wa pili ulikuwa wa mwanamke yuleyule, sasa akiongea haraka. Wa tatu ulisema wamempigia mwanawe pia, hapokei. Denver alikuwa zamu. Kiwandani kwao simu hufungiwa getini.

Wa nne ulisema pole.

Delphia alipiga hata hivyo. Mwanamke wa hospitali alikuwa mpole. Alisema figo imeshakwenda kwa mwingine, jina lake bado liko kwenye foleni, asikate tamaa. Delphia alimshukuru. Kisha akaketi juu ya jiwe la mama mkwe wake, maua ya plastiki mapajani. Hobert alisimama hajui mikono yake aiweke wapi.

"Hawa waliolala hapa," Delphia akasema, "mtandao wao umejaa."

Jioni ile Verlene alikuja na mkate wa mahindi uliofunikwa kitambaa, kama mtu anayekuja msibani. Hakusema niliwaambia. Alichomoa kadi ndogo ya laini ya ushirika kwenye simu yake mwenyewe, akaichomeka kwenye ile simu kubwa. Kioo kikaandika kwamba kadi hiyo haikubaliwi.

"Unaona, shangazi? Imefungwa."

Akawaeleza taratibu, na Hobert akauliza mara mbilimbili, maana alitaka kuelewa. Simu moja ya daraja la juu hutoka kwa sura mbili. Toleo la kiwandani huuzwa na mtengenezaji mwenyewe, wazi, nalo hupokea laini ya kampuni yoyote ambayo mitambo yake inaelewana nayo. Toleo la kampuni hutoka kwenye duka la kampuni ya simu, limefungwa kwa laini ya kampuni hiyo mpaka masharti yao yatimie. Humo ndani wameweka programu zao, na nyingine huwezi kuzifuta. Zipo zinazofunguliwa baada ya miaka, na hata hapo simu nyingine zinasumbua kwenye minara ya wengine, kwa sababu zilipangwa zipende minara ya kampuni iliyoziuza.

"Basi ni mbaya," Hobert akasema.

"Si mbaya, mjomba. Kwa Denver ni nzuri. Mnara wao uko kila kona ya Dayton, na mkataba anaumudu. Kama mtu anaishi kwenye mtandao wao na hana mpango wa kuhama, achukue, atapunguziwa kweli. Lakini hapa bondeni mnara wao haufiki. Unafika mlimani tu. Na ndiyo maana dukani nilifundishwa nisimwulize mteja analala wapi. Nimwulize anapenda rangi gani."

"Ndiyo sababu uliacha?" Hobert akauliza.

"Nilimuuzia bibi mmoja wa Bonde la Caney. Nilijua anakokaa mnara wetu haufiki." Verlene akakunja kile kitambaa. "Nikaacha baadaye. Ningeacha kabla, ingekuwa vizuri zaidi."

Hobert aliinuka akaenda kwenye droo. Alirudi na sarafu mbili za shaba zenye tundu katikati. Zilikuwa za baba yake. Kampuni ya mgodi iliwalipa wachimbaji kwa sarafu zake yenyewe, na duka pekee lililozipokea kwa thamani yake lilikuwa duka la kampuni. Unga, buti, baruti, jeneza, vyote vya kampuni. Ukitaka kununua kwingine, sarafu yako ni kipande cha shaba. Watu waligoma, wakapigwa, wengine wakazikwa mlimani kule, mpaka sarafu hizo zikafa.

Akaziweka mezani kando ya simu.

"Baba alidhani wamezizika," akasema. "Kumbe walikuwa wanazing'arisha."

Kesho yake walipanda mlimani kuipigia kampuni kubwa. Kwa simu ile hapakuwa na mahali pengine penye mtandao. Kijana mwenye sauti tamu alisema anaelewa kabisa masikitiko yao. Simu itafunguliwa baada ya malipo ya kifurushi ya miaka mitatu kukamilika. Delphia akasema hajui kama ana miaka mitatu. Kijana akasema anaelewa kabisa. Kabla hajakata akauliza kama mama angependa kuongeza na saa ya mkononi.

Kumpigia Denver kulikuwa kugumu zaidi. Delphia alimwambia kwa maneno machache.

"Mama, ndiyo simu nzuri kuliko zote."

"Ni nzuri, mwanangu. Huko kwako."

"Nilitaka tu uwe na kitu kizuri."

"Najua. Nami nilitaka usiaibike mbele ya watu. Ona aibu ya siku moja ilivyotugharimu."

Denver alilia. Delphia hakumnyamazisha. Alimpenda, lakini siku ile hakuwa na nguvu ya kumbeba.

Verlene akawaongoza. Namba ikarudishwa ushirika, na ile simu ya kukunja ikarudi dirishani. Lakini alisema haitoshi. Ushirika ulikuwa umetangaza kuzima mitambo ya zamani mwisho wa mwaka, na simu za kukunja za aina ile zitakufa nayo. Kwa hiyo simu mpya ilihitajika kweli.

Safari hii Denver hakwenda dukani kwanza. Alimpigia Verlene. Verlene akamwagiza aende ushirika aulize simu zipi zinaelewana na mitambo yao, kisha atafute toleo la kiwandani, lililo wazi kwa laini zote. Si lazima iwe ya mwaka huu. Ya mwaka uliopita, iliyotumika, inatosha. Akiambiwa ni ya bure, aulize bure mpaka lini, na akitaka kuondoka itakuwaje. Bure ghali. Na asikubali namba ya mama ihamishwe kabla simu haijajaribiwa kwa kadi nyingine ndani ya nyumba.

Denver alikuja Oktoba. Hakupanda mlimani. Aliingia jikoni na viatu vya matope, akachomeka kadi ya ushirika kwenye simu mpya, akasimama kwenye sinki akampigia Verlene. Akaenda chumbani, akalala upande wa mama yake wa kitanda, akapiga tena. Akajifungia chooni, akapiga tena.

"Nakusikia," Verlene akamwambia. "Sasa toka, wengine wana haja zao."

Hobert alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Habari ikaenea bondeni. Baada ya ibada, watu walimzunguka Verlene na simu zao mkononi. Mjane mmoja alirudisha ya kwake dukani siku za kurudisha zikiwa hazijapita. Sasa mtu akija na kisanduku cheupe siku ya makaburi, watoto ndio wa kwanza kumpigia kelele: jikoni, jikoni.

Simu ya kampuni kubwa Denver anailipia bado. Hobert aliweka ile simu kwenye droo, pamoja na sarafu za baba yake.

Miezi ile haikupita bure. Mkono wa kushoto wa Delphia, ule wa sindano za mashine, ulivimba ukawa hauwezi kushika sufuria. Alianza kulala ameketi. Aliambiwa figo ile ya Juni alipewa mama mwenye watoto wadogo, akasema Mungu amweke, simwonei wivu yeye. Hakusema anamwonea nani.

Februari, theluji ikiwa imefunika barabara, simu ililia dirishani. Delphia alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hobert alikwishashika funguo za gari kabla hajajua ni nani.

Alikuwa mwanamke yuleyule wa Lexington. Alisema figo imepatikana. Akauliza, "Bi Ison, uko tayari?"

Delphia aliutazama mnara kupitia dirisha, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima juu ya bonde.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa tayari tangu Juni."